Aliyemtania Baba Yake Kaburini

Buguruni, Dar es Salaam
9 Februari 2025

Mama yangu Yustina, shikamoo.

Naamini palizi ya mpunga inaendelea na magoti hayakusumbui sana. Mimi ni mzima. Sauti inakwaruza, lakini wasikilizaji wangu wanaipenda ikikwaruza, kwa hiyo nimeacha kunywa tangawizi.

Hii ni barua ya nane na sijapata jibu hata la moja. Sidai. Simu niliacha kukupigia kwa sababu ukisikia ni mimi unamkabidhi mdogo wangu Mary, na Mary anasema umeenda kisimani, hata siku ambayo nasikia mvua inapiga bati la kwetu.

Safari hii nina ombi. Wachapishaji wa hapa mjini wanataka kutoa kitabu cha mashairi yangu, yale ninayoimba na bendi na mengine ambayo sijawahi kuyaimba. La kwanza ni lile la baba. Wanasema bila hilo kitabu hakina mlango. Nimewaambia nitawajibu mwisho wa Juni, kwa sababu nimejiapia halitapigwa chapa mpaka wewe uniruhusu. Nimeliimba miaka zaidi ya kumi bila ruhusa yako, na najua ni kosa. Kitabu kitabaki hata sisi tukiwa hatupo, ndiyo maana safari hii nauliza.

Mary amenidokeza kwamba tarehe 28 Juni mnajengea kaburi la baba na padri atakuja kusoma misa. Naomba nije. Ukikataa nitaelewa, ila naomba ukatae mwenyewe, usimtume Mary.

Mwanao,
Theopista


Buguruni
2 Machi 2025

Mtani wangu Martin Mwandu, mnuka dagaa wa Nsemulwa,

Shikamoo sikupi. Utaipokea na nini na meno yameshakuhama?

Nakuandikia karatasi kwa sababu kwenye simu tutatukanana nusu saa, tutacheka, na salio litaisha sijasema nilichotaka. Barua nimempa kondakta wa basi la Mpanda. Usimtukane na yeye, hana utani na nyie.

Nataka uende Mamba kwa mama. Wachapishaji wanataka kutoa kitabu cha mashairi yangu, na lile la baba silichapi mpaka mama aniruhusu. Wewe ndiye mtu pekee anayeweza kuingia jikoni kwake bila hodi, akafunua sufuria, akasema mboga imeungua, na akaongezewa ugali. Ukoo wenu na wetu ni watani tangu babu zetu, basi fanya kazi ya ukoo wenu.

Nikukumbushe ilivyokuwa, maana hukuwepo. Ilikuwa Mei 2011, mpunga umeiva. Wiki tatu kabla, baba alikuwa amenitoa kwenye kwaya yake mbele ya watu wote, kwa kosa la kunyoa kipara na kuimba kwa kupiga kelele. Tukawa hatusemeshani. Jumanne akaanguka shambani, akafa. Alhamisi jeneza likatolewa uani, watu wakakaa wakiwasubiri nyie watani mje, mmoja wenu alale kaburini akatae kutoka, mumtukane marehemu mpaka wafiwa wacheke, ndipo azikwe. Jua likapanda. Walikuja watu wa kila upande isipokuwa nyie. Padri akaanza kutazama saa.

Wewe unajua baba alivyokuwa akisema, mara nyingi akiwa na tonge mkononi: mtu akizikwa bila kuchekwa, kazikwa kama mgeni. Nikaona wanamshusha kama mgeni. Nikapanda juu ya lile tuta la udongo, nikaanza:

Anselmo, suti ya nini, na leo si Jumapili?
Mpunga umeiva wote, wewe umelala chali.
Wanaume sita wamekubeba kama bwana wa kikoloni.
Shuka, mzee, utembee! Miguu si unayo?

Vijana wawili walicheka, na ndio walioniponza. Mama alianguka pale pale. Mtoto wa marehemu hatanii msiba wake. Najua, hakuna asiyejua. Wakasema nimemlipiza kisasi maiti kwa ajili ya kwaya. Kesho yake nikapanda lori la mchele, sijarudi tena.

Nilishamwandikia mama kwamba sikuwa namcheka baba kwa chuki. Haamini. Nenda ukamwambie kwa mdomo wako. Mtani hakasirikiwi.

Kipara wako,
Theopista


Nsemulwa, Mpanda
21 Machi 2025

Kwako Theopista, kichwa cha nazi iliyofuliwa,

Meno ninayo manne. Yanatosha kabisa kutafuna mahari yako siku atakapopatikana kipofu wa kukuoa.

Barua yako nimeipata na kondakta wako nimemtukana kidogo tu, alikuwa ananitazama vibaya. Jirani yangu Mikidadi, yule wa duka la redio, anakusalimia. Anauweka wimbo wako kila asubuhi akifungua duka. Anasema huyu mtoto anaimba kama mtu aliyekanyaga msumari, halafu anaongeza sauti.

Mamba nilikwenda. Nilikaa kutwa nzima. Mama yako alinipikia kuku, nikamwambia kuku huyu alikufa kwa uzee, akacheka. Tuliongea mvua, tukaongea nguruwe pori wanaoingia mashambani, tukaongea Mary na yule mchumba wake Maiko asiyejua kulima. Kila nilipotaka kulitaja jina lako koo lilikauka, naye akidhani nina kiu akanimiminia chai. Nilikunywa vikombe saba. Basi nikaaga.

Usinione mzembe. Mambo mengine hayataki haraka. Mimi nina shauri moja, ulipime. Kwa nini usiliondoe hilo shairi kitabuni? Mikidadi anasema unayo mengi, na yote yana kelele ya kutosha. Mama yako ameshazoea ilivyo. Ukilifukua jambo la zamani hujui litatoka na nini. Ondoa hilo moja, kitabu kitoke, na mama mtapatana taratibu siku zikienda.

Dagaa wa Ikola mwaka huu ni wazuri. Nakutumia debe dogo, uwape na wale wenzako wapiga madebe.

Mtani wako,
Martin Mwandu


Buguruni
6 Aprili 2025

Mtani, mnywa chai ya wajane,

Dagaa wamefika. Naseeb, mpiga ngoma wetu, amewala wabichi akidhani ni kashata. Nisamehe kwa kumleta mtu kama huyo kwenye ukoo.

Shauri lako nimelipima, ni jepesi. Ngoja nikueleze kwa nini, kwa sababu nadhani hujawahi kujua ninafanya kazi gani.

Nilipofika hapa nilimenya viazi kwenye banda la chipsi mwaka mzima. Naseeb alikuwa anapiga ngoma kwenye harusi, Josephina anapiga gitaa la besi kanisani. Tulikutana tukataka kuimba mapenzi kama wengine, tukawa wabaya ajabu. Tulifanyia mazoezi kwenye gereji ya mjomba wake Naseeb, mahali pa kusuka upya nyaya za mota zilizoungua. Siku moja tumechoka, Josephina akaniuliza kwetu tunaimba nini. Kwaya sikuweza kuimba, roho ilikataa. Nikasema lile la baba. Nililisema kama nilivyolisema juu ya tuta, kwa kelele ile ile. Naseeb akaanza kupiga mbio mbio. Josephina akafungulia spika mpaka ikapasuka, na hakuipunguza. Fundi mmoja aliyekuwa anasuka mota akatuambia huko nje muziki huo upo, unaitwa panki, na wanaouimba hawajui kuimba wala hawaoni aibu. Tukasema basi na iwe panki. Bendi tukaiita Kifusi.

Redio ya kwanza ilisema sauti yangu mbovu. Ya pili ilisema rekodi ndiyo mbovu. Hatukusubiri ya tatu. Tumetoa albamu nne, tumeimba Nairobi, Kampala na Maputo, na mara moja Ulaya kwenye baridi iliyomfanya Josephina apige gitaa amevaa soksi mikononi. Nikifika pale pa "Shuka, mzee, utembee" vijana wote wananyoosha ngumi na kupiga kelele pamoja nami. Wanadhani ni mzee fulani aliyekalia kiti. Nimewahi kuitwa mara mbili nieleze ni mzee gani anayeambiwa ashuke. Nikasema ni baba yangu, alikuwa kwenye jeneza. Hawakuniamini, ila waliniruhusu niende.

Kwa hiyo siwezi kuliondoa. Mashairi mengine yote yamezaliwa na hilo. Na kulichapa bila mama siwezi, kwa sababu maelfu ya watu wameshalisikia vibaya na nimevumilia, ila yeye akilisikia vibaya mpaka afe mimi sitakuwa na mahali pa kurudi. Hapo ndipo nilipo, mtani.

Wala sikulaumu kwa siku ile. Lori ulilopanda likiharibika njiani, Kasekese, mtu anafanya nini? Mary aliniambia ulifika siku ya tatu baada ya mazishi, jioni, mimi nimeshaondoka, vumbi mpaka kwenye nyusi, maneno yako umeshayatunga, ukamwambia mama, "Mngenisubiri kidogo tu." Ndiyo sentensi iliyonimaliza kwa mama, lakini wewe ungejuaje? Huwa najiuliza, ningesubiri kidogo hiyo, leo ningekuwa nani? Labda mwalimu wa kwaya, nimeolewa, nimenenepa.

Nenda tena. Usinywe chai.

Theopista


Nsemulwa
1 Mei 2025

Theopista,

Leo sina tusi. Nimeanza barua hii mara nne, na kila nikiweka tusi juu naona natafuta pa kujificha.

Lori halikuharibika.

Habari za msiba zilinikuta Ikola nikipakia magunia. Nikaacha magunia ufukweni, nikapanda lori la kwanza. Nilikaa nyuma juu ya mzigo nikaanza kutunga, kama ninavyofanya siku zote nikienda kwenye msiba wa mtani. Misiba mingapi nimechekesha mimi? Najua kazi yangu. Lakini siku ile kila neno nililolipata kuhusu baba yako lilikuja na machozi. Nikisema uvivu wake, nalia. Nikisema sauti yake ya kwaya, nalia. Tulitukanana miaka thelathini, Theopista. Nina ndugu watano wa tumbo moja na hakuna niliyempenda kama yeye, na sikuwahi kumwambia, maana kati yetu maneno hayo hayakuwepo.

Mtani akienda msibani akalia, nani atawachekesha waliofiwa? Tulipofika Kasekese nikamwambia dereva tumbo linanikata, anishushe. Nikaenda kwa shemeji yangu Sikuzani. Siku ile ya mazishi nilikuwa nimelala kwake nimejifunika shuka mchana, mzima wa afya. Ndugu zangu wengine walikuwa wananisubiri mimi niwaongoze, nao hawakwenda.

Nilipofika Mamba mama yako akaniuliza nilikuwa wapi. Aibu ilinishika. Lori likatoka mdomoni lenyewe. Halafu nikaona halitoshi, nikaongeza hayo ya kusubiri kidogo, ili nionekane nilikuwa naja. Hapo ndipo akanisimulia ulichofanya. Nikaona uso wake unabadilika akilitaja jina lako, nikaelewa nimekufanya nini, na sikulirudisha neno langu. Nilisema kesho. Kesho imekuwa miaka kumi na minne.

Mngesubiri, mngesubiri mpaka leo. Ulifanya kazi yangu kwa sababu mimi niliikimbia, na uliifanya vizuri kuliko ambavyo ningeifanya. Mikidadi akiweka wimbo huo asubuhi mimi hutoka nyuma ya nyumba nikajifanya napanga magunia.

Mwezi Machi nilikwenda kwa mama yako nikiwa na nia ya kusema. Nikaona akinifungia mlango na yeye, nitakuwa sina nyumba hata moja ya kutukaniwa. Mke wangu alishafariki, unajua. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Martin


Buguruni
12 Mei 2025

Mzee Martin, shikamoo.

Nimekuamkia kwa sababu utani na wewe leo sina.

Barua yako niliisoma mchana, na siku hiyo hiyo tulikuwa na onyesho. Niliimba nyimbo zote isipokuwa ule wa baba. Watu waliuita, wakapiga miguu chini, nikawaambia koo limekataa.

Barua saba katika zile nane nilizomwandikia mama nimemwomba radhi kwa kutosubiri. Nimeomba radhi kwa kosa ambalo halikuwepo. Nina hasira na wewe, na ninaisema wazi ili usije ukadhani ni mchezo. Pia nakuonea huruma, na hilo linanikera zaidi.

Unauliza ufanye nini. Sitakuelekeza. Mama sitamwambia mimi, wala Mary. Lori ulilitengeneza wewe, kalibomoe mwenyewe. Usiniandikie mpaka uwe umeshatoka Mamba.

Theopista Anselmo


Mamba, Mpimbwe
10 Juni 2025

Theopista, Tumsifu Yesu Kristo.

Barua zako nane zote nimezipata, zipo kwenye sanduku la vitenge. Sikukosa cha kujibu. Nilikuwa naogopa nikijibu nitakusamehe, na nilidhani baba yako atabaki peke yake bila mtu wa upande wake.

Mwandu alikuja Jumapili iliyopita baada ya misa, watu bado wamejaa uani kwa habari za kujengea kaburi. Kiti alikataa. Alikaa chini kwenye mchanga na kanzu yake nyeupe, akasema kila kitu, mbele ya Mary, mbele ya Maiko na wazazi wake, mbele ya mwenyekiti wa kwaya. Lori, tumbo, Kasekese, shuka. Alipofika kwa jina la baba yako akashindwa kuendelea, akalia kwa sauti, mzee mzima. Hapa watu hawajawahi kuona mtani analia. Hakuna aliyejua aende kumshika au amwache.

Nilitaka kumfukuza, mwanangu, sikufichi. Nilipofungua mdomo nikajisikia nasema, "Mwandu, lori miaka kumi na minne halijapona? Fundi wako nani, au ulikuwa unalisukuma peke yako kutoka Kasekese?" Wa kwanza kucheka alikuwa mama yake Maiko. Halafu wote. Halafu Mwandu mwenyewe, machozi na makamasi pamoja. Nikaendelea, nikamsema meno, nikamsema kanzu, nikamsema mapenzi yake ya kukimbia maiti. Sikujua nina matusi mengi kiasi hicho. Nilipomaliza nilikuwa nimechoka kama nimetwanga gunia zima, na nafsi imetulia. Sijamsamehe yote. Nimemwambia zege la kaburi atalikoroga yeye.

Wewe nimekukosea. Siku ile nilikuona juu ya udongo na kipara chako nikaona mtoto anayefurahi baba yake amekufa. Sikuuliza. Mama alitakiwa aulize.

Jumapili hiyo jioni nilimwambia Mary aniwekee wimbo wako kwenye simu. Ni kelele, sitakudanganya, nilidhani simu imeharibika. Ila maneno yake niliyasikia. Suti ile ni mimi niliyetaka avikwe, ndugu zake wakanisaidia. Yeye alishasema hataki, alisema inambana kwapani. Angekusikia angecheka sana, na kesho yake angekurudisha kwenye kwaya.

Kitabu kipigeni chapa. Weka na jina lake vizuri, Anselmo wa Mamba, maana Mary anasema huko watu wanadhani ni mzee mwingine.

Tarehe 28 njoo. Lakini hutaimba. Atakayemtania baba yako ni Mwandu, ni kazi yake, na akilia katikati tutamngojea amalize. Nimekaa hapa nikawapitia watu wa msiba ule mmoja mmoja. Mimi nililia. Mary alilia, kwaya yote ililia, na Mwandu sasa naye amelia. Wewe ulishika kazi ya mtu mwingine, ya kwako hujaifanya hata leo. Kila mwaka tukimkumbuka, pale pa mtoto mkubwa wa marehemu hapakaliwi na mtu, na mimi ndiye niliyekuwa napapita kama sipaoni. Utakaa hapo, ubavuni kwangu, umlilie baba yako mpaka utosheke. Nitakushika.

Mama yako,
Yustina